Saa Tatu, Saa Sita, Saa Tisa: Habari za Saa za Sala

Mtu wa Ulaya asomapo katika Matendo ya Mitume habari za Petro na Yohane, jinsi walivyopanda kwenda hekaluni kwa sala ya saa tisa, hana budi kusimama kidogo na kufanya hesabu, maana kwake saa tisa ni saa ya asubuhi. Msomaji wa Kiswahili hahitaji hesabu. Kwake saa tisa ni wakati jua limekwisha kuinama na kivuli kimeanza kurefuka. Vivyo hivyo saa tatu, Roho alipokuwa amewashukia wanafunzi. Na saa sita, Petro alipopanda juu ya nyumba kusali huko Yafa. Na saa tisa, Kornelio alipokuwa akisali nyumbani mwake. Katika jambo hili lugha yetu imekaa karibu na Maandiko kuliko lugha za wale waliotuletea Maandiko.

Asili yake haikufichika. Wayahudi na Warumi wa zamani waligawa mchana katika saa 12, tangu macheo hata machweo, nasi twafanya hivyo. Tofauti ni moja. Kwao saa ilikuwa sehemu ya kumi na mbili ya mchana, uwe mrefu au mfupi. Huko Italia ya kati mchana wa mwezi wa Juni wapata saa 15 za saa zetu, na mchana wa Desemba wapata saa 9 tu. Basi saa zao zilirefuka wakati wa hari na kufupika wakati wa baridi. Kwetu, karibu na ikweta, mchana na usiku hukaribia kuwa sawa mwaka mzima, hata saa ya Petro na saa yetu hazipishani sana.

Tena wazee wa pwani wasemapo "usiku wa Ijumaa" huwa na maana ya usiku utanguliao mchana wa Ijumaa, kwa kuwa siku yao huanza jua linapokuchwa. Ndivyo Wayahudi wahesabuvyo, na Kanisa nalo huianza Dominika kwa Masifu ya Jioni ya Jumamosi. Na misheni ilipofika, watu wa pwani walikuwa wamekwisha kuzipa sehemu za siku majina ya sala za Waislamu: alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi, isha. Hata asiye Mwislamu humwambia rafiki yake, "Njoo alasiri," wala hafikiri ya kuwa ametaja sala. Hapo twaona nguvu ya desturi ya kila siku: ikishikwa na watu wengi kwa miaka mingi huingia katika lugha yenyewe, ikakaa kinywani hata mwa mtu asiyeijua.

Katika makala hii twataka kuzifuata saa hizi za sala, tuone zilikotoka, zilivyofika kwetu, na kwa nini hazikufa. Shabaha yetu si udadisi tu. Mwalimu na mchungaji hufanya kazi ile ile siku zote: kufundisha herufi zile zile, kuandika daftari zile zile, kubatiza na kuzika. Moyo wake waburudishwa na nini? Wengi wetu hutumainia mambo makubwa: mafungo ya mwaka, mkutano wa watu wengi, mhubiri mgeni. Hayo ni mema, lakini hupita. Historia ya saa za sala yashuhudia neno jingine: kwamba moyo hufanywa upya na jambo dogo, lenye kiasi, lirudialo kwa saa yake, na kwamba jambo hilo likizidishwa kupita kiasi hugeuka kuwa mzigo, nao mzigo hutupwa.

Wakristo wa kwanza walipokea desturi hii kwa Wayahudi. Danieli, akiwa uhamishoni Babeli, alisali mara tatu kila siku. Kitabu kidogo kiitwacho Didake, ambacho kilipotea karne nyingi kikaonekana tena Konstantinopoli mwaka 1873, chawaagiza waamini kusali Sala ya Bwana mara tatu kwa siku. Agizo ni hilo tu. Watu waliolipokea walikuwa watumwa, mafundi na wachuuzi, wasiokuwa na kanisa la mawe wala kengele. Sala fupi kama hiyo yaweza kusaliwa hata na mtu aliyeshika jembe.

Katika karne ya 3 na ya 4 wakatokea watawa wa jangwa la Misri. Aliyesifika kuliko wote ni Antoni, ambaye hudhaniwa kuwa alizaliwa karibu na mwaka 251 akafa mwaka 356. Husimuliwa ya kuwa siku moja alikuwa amechoka moyo, mawazo yamemsonga, akamwuliza Mungu afanyeje. Alipotoka nje akaona mtu aliyefanana naye, ameketi akisuka kamba. Mtu yule akaondoka, akasali. Kisha akaketi tena, akaendelea kusuka. Akaondoka tena, akasali. Antoni akaambiwa afanye vivyo hivyo. Hakupewa ufunuo wa siri. Alionyeshwa kazi na sala, zikipokezana kama miguu miwili ya mtu aendaye. Watu wa pwani, ambao mama zao husuka ukili jioni huku wakizungumza, wataielewa habari hii pasipo kufasiriwa.

Ule uchovu wa Antoni ulichunguzwa sana na mtawa mmoja aitwaye Evagrio, aliyefariki huko Misri mwaka 399. Wayunani waliuita akedia. Evagrio aeleza ya kuwa humshika mtawa tangu saa nne hata saa nane. Jua huonekana kama limesimama. Mtu hutazama dirishani, hupima jua limebakiza kiasi gani kufika saa tisa, ambayo ndiyo saa ya chakula, huichukia kazi yake, huwaza ya kuwa mahali pengine angalifanikiwa zaidi. Saa nne hata saa nane! Mwalimu gani asiyezijua saa hizo? Kiswahili hakina neno moja la kuufasiri ugonjwa huu. "Uvivu" si lenyewe, maana mtu huyu aweza kuwa na bidii nyingi ya kwenda mahali pengine. Labda lililo karibu ni "kukinai": mtu hukinai chakula ambacho hakikuharibika, bali amekila siku nyingi pasipo hamu. Dawa ya wazee wa jangwani haikuwa kubadili chakula. Walimwambia mtu akae chumbani mwake, afanye kazi kidogo, asali kidogo, ale kwa saa yake.

Mafundisho haya yakapelekwa Ulaya na Yohane Kasiano, aliyekaa Misri na watawa, kisha akajenga nyumba za watawa huko Marseille katika karne ya 5 akayaandika aliyoyasikia. Vitabu vyake ndivyo vilivyosomwa na Benedikto wa Nursia.

Benedikto alizaliwa Italia karibu na mwaka 480, wakati dola ya Warumi upande wa magharibi imekwisha kuanguka. Akaacha masomo ya Roma, akakaa pangoni Subiaco. Papa Gregori Mkuu, aliyeandika maisha yake, asimulia ya kuwa watawa wa nyumba moja walimwomba awe mkuu wao, kisha wakachukizwa na ukali wake hata wakatia sumu katika divai yake. Akaokoka, akawaacha. Baadaye, karibu na mwaka 529, akajenga nyumba juu ya mlima wa Monte Cassino, na huko akaandika Kanuni yake yenye sura 73. Huenda alikuwa amejifunza kitu kwa divai ile, maana katika dibaji ya Kanuni asema ya kuwa ataka kuweka chuo cha kumtumikia Bwana, na ya kuwa atumaini hataagiza neno gumu wala zito. Naye alipomaliza sura ya mwisho akaiita kazi yake kanuni ndogo kwa ajili ya waanzao.

Tuitazame siku yake. Wakati wa baridi ndugu huamka saa nane ya usiku, na sababu aliyoitoa si ya kutisha: wapate kulala kupita kidogo nusu ya usiku, na chakula kiwe kimekwisha kusagika tumboni. Ndugu waamkapo huhimizana kwa upole, kwa kuwa walio na usingizi hawakosi udhuru. Zaburi moja ya mwanzoni mwa sala ya usiku huimbwa polepole makusudi, ili aliyechelewa apate kuwahi. Kisha Masifu ya alfajiri, sala ya saa ya kwanza, saa tatu, saa sita, saa tisa, ya jioni, na ya kabla ya kulala. Katikati ya sala huwekwa kazi ya mikono na kusoma. Wakati wa hari hufanya kazi tangu asubuhi hata saa nne, husoma hata saa sita, na baada ya kula hulala kitandani kwa kimya. Mezani huwekwa vyakula viwili vilivyopikwa, ili asiyeweza kula kimoja ale cha pili. Mtunza ghala huagizwa kuvitazama vyombo vyote vya nyumba kana kwamba ni vyombo vya altare. Basi jembe nalo ni kitu kitakatifu.

Zaburi zote 150 humalizika katika juma moja. Benedikto ajua ya kuwa wazee wa jangwani walizimaliza kwa siku moja, naye akiri ya kuwa yeye na watu wake ni dhaifu kuliko wale. Tena aongeza ya kuwa mtu asiyependezwa na mpango wake wa zaburi na apange vizuri zaidi, mradi zisipunguzwe. Watunga sheria wachache wameandika hivyo. Na sura ya 50 yasema jambo litupasalo sana sisi: ndugu aliye mbali kazini, asiyeweza kufika kanisani, na apige magoti pale pale afanyapo kazi; na aliye safarini asiiache saa ipite, bali aitimize kadiri awezavyo. Basi saa ya sala haikufungwa katika jengo. Msafiri aichukua.

Lakini wanadamu hawakosi kuzidisha. Mwaka 910 ikaanzishwa nyumba ya Cluny huko Ufaransa, nayo ikafanya mema mengi. Ila kadiri miaka ilivyopita zaburi zikaongezwa juu ya zaburi, na maandamano juu ya maandamano, hata watawa wakashinda kanisani na kazi ya mikono ikakosa nafasi. Kwa hiyo mwaka 1098 Roberto wa Molesme na wenzake wakaenda mahali pa upweke paitwapo Cîteaux, wakarudi kwenye kipimo cha Kanuni: sala pungufu, na jembe mkononi. Watu walidhani kufanywa upya ni kuongeza. Wale wa Cîteaux wakaonyesha ya kuwa mara nyingine ni kupunguza.

Saa zenyewe nazo hazikukaa mahali pake. Sala ya saa tisa, iitwayo Nona kwa Kilatini, ikavutwa mbele kidogo kidogo hata ikasaliwa adhuhuri. Wengi hudhani njaa ilikuwa na sehemu yake, kwa kuwa siku za kufunga watu walikula baada ya Nona. Hivyo neno la Kiingereza noon, ambalo asili yake ni saa tisa, leo maana yake ni saa sita. Bandu bandu huisha gogo: desturi haikutupwa siku moja, ilisogezwa.

Wakati wa Matengenezo kiasi kikatafutwa tena kwa njia nyingine. Katekisimu Ndogo ya Luther ya mwaka 1529 ilimpa mkuu wa nyumba sala fupi ya asubuhi na ya jioni, pamoja na agizo la kwenda kazini kwa furaha akiisha kusali. Cranmer, katika Kitabu cha Sala cha Kiingereza cha mwaka 1549, alikusanya zile saa nyingi zikawa mbili, asubuhi na jioni, kwa lugha ya watu, na Zaburi zikamalizika kwa mwezi. Nao Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1963, uliyaita Masifu ya Asubuhi na ya Jioni mihimili ya sala ya siku nzima, ukafungua njia ya kutumia lugha za wenyeji. Makanisa yaliyotengana kwa mambo mengi yalikutana katika hili.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1884 padre Andreas Amrhein alianzisha huko Ujerumani shirika la Wabenediktini wa kupeleka Injili, ambao waliitwa baadaye kwa jina la Mtakatifu Otilia. Mwaka 1888 wakafika Pugu, karibu na Dar es Salaam. Januari 1889, wakati wa vita vya pwani juu ya Wajerumani, nyumba ya Pugu ikashambuliwa. Wengine wakauawa, wengine wakatekwa. Wakaanza tena Dar es Salaam. Mwaka 1898 padre Cassian Spiss akaanzisha Peramiho, katika nchi ya Wangoni.

Kisha vikaja Vita vya Maji Maji. Watu walikuwa wamechoshwa na kodi, na kazi ya kulazimishwa, na mashamba ya pamba ya serikali. Tarehe 14 Agosti 1905 Spiss, aliyekuwa amekwisha kuwa askofu, aliuawa karibu na Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Na Peramiho ikachomwa moto mwaka huo huo. Lakini haifai kuhesabu makaburi ya upande mmoja. Askari wa serikali walichoma vijiji na maghala, na njaa ikaua maelfu kwa maelfu ya wenyeji. Na mwaka 1906 wakuu wa Wangoni walinyongwa Songea, miongoni mwao Songea Mbano ambaye mji waitwa kwa jina lake. Watawa walirudi wakajenga katika nchi yenye msiba. Kengele ya asubuhi iliyolia tena Peramiho ililia kwa watu waliofiwa, wa nyumba zote.

Haikupita miaka kumi na vita vya 1914 vikaanza. Vilipokwisha wamisionari Wajerumani waliondolewa katika nchi, na mahali pengi hapakuwa na padre wala mchungaji. Hapo ndipo tuonapo sehemu ya walimu na makatekista wenyeji. Hawakuweza kufanya yote yaliyofanywa na mapadre. Hawakuwa na mshahara wa kutumainiwa, wala mtu wa kuwakagua. Waliweza kugonga kipande cha chuma kilichotungikwa mtini, asubuhi na jioni, na kusali pamoja na watu waliokuja, wawe wengi au wawili. Jambo hilo dogo ndilo lililoshika jumuiya hata wamisionari wengine walipofika. Mwaka 1931 Peramiho na Ndanda zikawa abasia. Na katika miaka ya 1950 ikaanzishwa nyumba ya watawa Waafrika ambayo leo ni abasia ya Hanga. Huko Zaburi za Benedikto huimbwa kwa Kiswahili.

Na Monte Cassino yenyewe? Iliharibiwa na Walombardi katika karne ya 6, na watawa wakakimbilia Roma. Mlima ukakaa ukiwa zaidi ya miaka mia moja, hata Petronaksi alipoirudisha nyumba karibu na mwaka 717. Ikachomwa na Wasarasini mwaka 883. Ikabomolewa na tetemeko la nchi mwaka 1349. Tarehe 15 Februari 1944 ikaangushwa na mabomu ya ndege. Ikajengwa tena, ikawekwa wakfu mwaka 1964. Alama ya nyumba ile ni shina la mti lililokatwa, nalo lachipuka. Watu hustaajabia mawe yaliyojengwa mara tano. Sisi twaona ya kuwa mawe hayakuwa shina. Kila mara nyumba ilianguka, lakini watawa walizijua zaburi na walijua saa ya kuzisali.

Basi wenzetu walimu na wachungaji watauliza, sisi tusio watawa, wenye watoto na mashamba na madaftari, tutwae nini katika habari hizi? Kwanza, kiasi. Azimiaye kuamka saa tisa ya usiku na kusali saa mbili atafanya hivyo kwa juma moja, kisha ataacha yote na kujidharau. Achague kilicho kidogo hata aone haya kukitaja: zaburi moja alfajiri, Sala ya Bwana saa sita kengele ya shule igongwapo, kuikumbuka siku yake kabla ya kulala. Pili, kifungwe na saa iliyopo tayari, kama Antoni alivyofunga sala na kamba yake. Siku ya mwalimu imejaa kengele. Hana haja ya kutafuta nyingine. Leo tena kila mtu ana kengele mfukoni, simu ya mkononi, nayo humwita bila saa wala sababu. Mtu aitikaye kengele hiyo mara hamsini kwa siku asiseme hawezi kuitika nyingine mara tatu.

Tatu, na hili ndilo kubwa, saa iliyopotea isimvunje mtu moyo. Yule aliyechelewa, ambaye kwa ajili yake zaburi huimbwa polepole, hakufukuzwa katika kundi. Alikuwa na mahali pake. Mazoea yana taabu, na atakayeshika desturi mwaka mzima bila kukosa siku moja hatumjui. Aliyekosa saa tatu na aitazamie saa sita. Akikosa saa sita, saa tisa yaja.